Siti ya Nyuma

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka kama yalivyotoka (tuyaache hayo, leo si siku yake), kazi ya kwanza iliyonipa ugali mjini ilikuwa bodaboda. Miaka mitatu nilikaa kijiweni Tegeta na pikipiki ya bosi, jioni natoa hesabu, usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo imegoma sura ya nne. Kwa hiyo habari ya kubeba mtu nyuma nilijiona profesa. Nimebeba walevi, nimebeba wajawazito, nimebeba kitanda pamoja na mwenye kitanda. Wote walikuwa na tabia moja: wakifika wanalipa, wanashuka, wanakwenda zao. Pikipiki ikiwa na ubovu, ubovu huo ni siri yako wewe dereva.

Akili hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Moshi.

Mwenzangu ni fundi cherehani. Tulipooana hatukwenda popote, fungate tulikaa chumbani kwetu, chumba kimoja, mvua inapiga bati. Usiku mmoja akiwa anatia vifungo kwenye mashati ya sare akaniambia, "Mwandishi" (ndivyo anavyoniita, na sijui kama ni sifa au kejeli), "mimi nashona nguo za watu wa kusafiri, mwenyewe Chalinze sijaivuka." Wazo lilianzia hapo. Basi tungeweza kupanda, ndiyo, lakini kwenye basi unaona kisogo cha mtu wa mbele na video usiyoichagua. Sisi tulitaka chombo chetu, cha kubeba watu wawili na mabegi, lami na vumbi, tusimame tunapotaka. Lushoto, Kondoa, Kigoma, Mungu akipenda mpaka Mbamba Bay. Kwa mwaka mmoja na nusu tukajinyima, tukafikisha milioni 4 na laki 5. Zaidi ya nusu ilitoka kwenye cherehani. Kiasi hicho nakitaja kwa makusudi, utaona.

Pikipiki ya kazi, zile Boxer zetu, simsemi vibaya aliyenilisha. Lakini ipakie watu wazima wawili, mabegi mawili na mlima mmoja, itaanza kukuomba msamaha. Tulichotafuta ni zile ndefu za safari, na kwa mfuko wetu maana yake ni ya zamani. Mshikaji mmoja wa kijiweni akasikia kuna Honda Transalp Moshi, kwa mzee mmoja fundi. Kwa asiyeijua: Transalp ilianza kuuzwa 1987, injini ya CC 583, silinda mbili zimekaa kama herufi V, inapozwa kwa maji, gia tano, tangi la lita 18, ringi ya mbele inchi 21, ya nyuma 17. Siti yake, we acha tu, benchi la kanisani. Nilipoiona picha kwenye simu sikulala.

Tukapanda basi wote wawili. Asubuhi ya pili mwenzangu akaenda Kiboriloni kututafutia majaketi ya mtumba, mimi nikaenda kwa mzee. Hapo ndipo tulipotengana, na ingekuwa hatukutengana nisingekuwa na cha kuandika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kabla hujasema kitu, gusa injini."

Nikagusa. Ya baridi. Akaniambia muuzaji akikupokea na injini ya moto, jiulize anaficha nini, maana injini mbovu huona aibu asubuhi. Akanionyesha kadi, jina lake, namba ya MC, kisha namba ya chesisi pale shingoni mwa fremu, nikalinganisha tarakimu moja moja. Mashine za wasafiri wa kigeni, alisema, nyingine huingia nchini kwa kibali cha muda tu bila kulipiwa ushuru. Ukinunua hiyo umenunua kesi. Hii ililipiwa zamani. Akavuta cheni, akatikisa ringi kushoto na kulia, akanisomesha tarakimu nne za ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Mafunzo ya bure, na mimi nanyonya kama sponji. Kisha akauliza, "Atakayekaa nyuma ana kilo ngapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka kukaza springi ya nyuma ilingane na mzigo, kwani mtu akikaa nyuma mashine inachuchumaa, usukani unakuwa mwepesi na breki inahitaji nafasi ndefu zaidi.

Halafu akaleta mita ya umeme, akaibana kwenye betri, akawasha, akapandisha moto. Nzima ingepanda karibu na volti 14. Ikasimama 12 na ushee, ikawa inashuka.

"Rektifaya imechoka. Umri tu, si mashine mbaya. Betri haichajiwi. Kijana wangu anatoka Nairobi na mpya wiki ijayo, laki 2 na nusu. Subiri."

Bei ilikuwa milioni 5 na laki 2 bila hiyo rektifaya. Na mimi nina nne na nusu! Mtu mwenye akili angesema asante mzee, ngoja nikamwambie mwenzangu. Mimi nikatoka nje nikampigia rafiki niliyesoma naye, nikakopa laki 7, zikaingia kwenye simu kabla sijamaliza kujikuna kichwa. Wiki moja sikuweza kuingoja. Nilikuwa nimeshaiona picha yangu juu ya ile mashine, nikiwa shujaa wa sura ya tano.

Mzee alizipokea kwa uso wa mtu anayempa mtoto kisu. "Nimeichaji. Usiwashe taa, usizimezime. Mashine hii haina kiki, ina stata tu. Itakufikisha mbali, lakini Dar haitakufikisha."

Mwenzangu aliporudi na majaketi nikamwambia, "Nne na nusu kamili. Mzee kanipunguzia." Akaishika siti kwa kiganja, akaibonyeza kama anavyobonyeza kitambaa dukani. "Hii ni yetu?" Nikasema ni yetu.

Mkataba na mambo ya kuhamisha umiliki vikala siku nzima, hayo nayaruka. Kesho yake tukaondoka. Nilimfundisha kama profesa: panda kwa kushoto nikishaishika sawasawa, gonga bega mara moja punguza, mara mbili simama, na kwenye kona angalia juu ya bega langu la upande wa ndani, ulale ninapolala mimi, usishindane nami. Mpaka Himo alishindana. Kila kona anakaa wima kama mlingoti, kila breki kofia zetu zinagongana, ko! Baada ya Mwanga akaelewa. Upepo wa uwanda ule ukatupiga ubavu, Milima ya Upare kushoto kwetu, nikasikia mzigo wa nyuma umepotea. Si kwamba haupo, umekuwa mmoja na mimi. Bodaboda miaka mitatu, sikuwahi kulisikia hilo hata siku moja.

"Hii ndiyo niliyokuwa naitaka!" akapiga kelele sikioni.

Akagonga bega mara mbili. Anataka picha na milima. Nikapunguza, nikasimama, sikuzima. "Zima basi, tushuke." Nikasema tutachelewa. Same tukajaza mafuta, nikaegesha kwenye mteremko mbali na kivuli, akanitazama. Hedaru akagonga tena, alikuwa ameona akina mama wanauza vitu barabarani, nikajifanya sikusikia. Tulinunua chombo cha kusimama tunapotaka, na mimi nikakigeuza basi.

Baada ya Mombo ng'ombe walivuka. Si wengi, kumi hivi, wana haki zao. Nikashika breki, nikachelewa klachi, kimya. Nikabonyeza stata: tik. Tena: tik. Saa tisa mchana, mkonge kulia na kushoto, barabara imenyooka kama rula, mteremko hakuna.

"Nisukume?" akauliza.

Uzito wa karibu kilo 200, na mimi juu yake nimeweka gia ya pili, na mke wangu nyuma anasukuma, jaketi la mtumba limeloa jasho. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili hata kukohoa haikukohoa. Mara ya tatu alisukuma mpaka akapiga magoti kwenye lami, na alipoinuka suruali ilikuwa imechanika gotini. Aliishona mwenyewe ile suruali, kwa safari hii.

Pikapu ikatuchukua. Tukakaa nyuma tumeishika mashine isianguke, kila mtu upande wake.

"Yule mzee hakukwambia kama ina ubovu?"

Msomaji, ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, hapana, na mzee wa watu yuko Moshi hawezi kujitetea. Nilikuwa nimeshalifungulia mdomo. Nikaona goti lake.

"Aliniambia."

Mpaka Korogwe hakusema kitu. Fundi wa pale akapima, akasema yaleyale ya mzee, rektifaya ya namna hiyo hana. Akaichukua betri kuichaji usiku kucha, na akatuuzia nyingine iliyotumika, elfu 30, kama akiba ya njiani. Akatoa yeye. Gesti, chumba na feni inayolia, nikamwambia na habari ya laki 7, maana nusu ya ukweli nayo inachosha. Alikuwa anashona lile goti. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kwenye kona," akasema, "nilikuwa nalala unapolala wewe. Uliniambia nifanye hivyo, nikafanya. Mimi nilidhani na wewe unajua tunakwenda wapi."

Akazima taa. Hiyo ndiyo fungate yetu ya Korogwe.

Asubuhi akaniambia masharti akiwa ameshavaa kofia. Tutasimama anapotaka yeye, tutazima, na kusukuma nitasukuma mimi. Betri ya akiba akaipakata mwenyewe kwenye begi. Segera tukasimama, akanunua machungwa, tukayala kwa utaratibu wa watu wasio na haraka. Nikasukuma, akaishika usukani yeye, nimemwonyesha klachi mara mbili tu, ikawaka mara ya kwanza. Akapiga yowe, nusura aniache. Baada ya Daraja la Wami tukasimama tena. Msata tukabadilisha betri chini ya mti, tukaacha njia ya Chalinze tukakata ya Bagamoyo. Kiwangwa mananasi. Nanasi moja akalifunga juu ya begi, majani yakawa yananichoma mgongo mpaka nyumbani, na sikuthubutu kulalamika.

Giza lilitukuta Bunju. Taa zile, ukiwasha, moto unakufa. Tukashuka, tukasukuma. Hakuna aliyempa mwenzake amri, mmoja huku mmoja huku, malori yanapita yanatupigia honi. Tulipofika kijiweni Tegeta wale washikaji wangu wakasimama wote.

"Mwandishi! Umenunua pikipiki au mkokoteni?"

"Tumenunua," mwenzangu akajibu.

Nyumbani tukaiingiza ukumbini, mwenye nyumba akaguna, tukala nanasi tumekaa sakafuni. Nilikuwa na maneno ya kusema, nilikuwa nimeyapanga tangu Kiwangwa, ya kiriwaya hasa. Hakunipa nafasi. Alinyoosha mkono mezani akachukua daftari langu, lile la sura ya nne, akaligeuza nyuma mbele, kwenye ukurasa wa mwisho ambao bado mweupe. Akaandika kwa mwandiko wake wa vipimo vya nguo: deni la rafiki, 700,000. Rektifaya, 250,000. Betri, 30,000. Akafikiri kidogo, akaongeza: Lushoto, halafu akaacha nafasi ya bei, akanipa kalamu.