Waliopona Wenyewe

Ukitaja Sumbawanga popote nchini, hakosi mtu wa kucheka na kuuliza habari za uchawi. Sisi wa huku hujibu kwamba jina lenyewe kwa Kifipa linasema kinyume: tupa uchawi. Ila kweli ni kwamba Ufipa nzima, mtu akipona ugonjwa mzito, habari zake husafiri haraka kuliko basi la Mbeya.

Ndiyo maana shangazi yangu, mwenye kidonda cheusi kwenye unyayo na tezi iliyovimba kwenye kinena, aliikunja barua ya rufaa na kuniuliza: "Mwanangu, wewe unasoma sana. Eti wapo waliopona wenyewe, bila kukatwa?"

Wapo, nikamwambia. Sikutaka kumdanganya. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Marekani, Everson na Cole, walichapisha kitabu cha wagonjwa 176 wa saratani ambao uvimbe wao ulinywea bila tiba ya kuelezea jambo hilo. Baadhi walikuwa na melanoma, ugonjwa wa shangazi. Mwaka uliofuata M. G. Lewis aliandika kutoka Uganda, ambako melanoma hupenda kuanzia unyayoni, akieleza dalili kwamba damu ya wagonjwa ilikuwa ikipigana na saratani yao.

Lakini wale 176 walikusanywa kutoka maandishi ya dunia ya zaidi ya miaka sitini. Na waandishi wenyewe walionya: kunywea si lazima kuwe kupona.

Mwaka 2011 tulipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha ipilimumab, dawa ya melanoma iliyosambaa, inayoilegezea breki kinga ya mwili. Kile kilichowatokea wachache bila kutarajiwa, wanasayansi walikuwa wamekitafutia njia. Hata hivyo, dawa hiyo haimponyi kila mtu, na bei yake kwa mkulima wa ulezi ni ndoto.

Shangazi alikubali kwenda hospitali. Sijui itakuwaje. Ninachojua ni kwamba aliyepona hupita vijijini akisimulia, na watu humpa kiti. Waliongoja mpaka wakafa hawasimulii. Sisi tunaoandika, tukimpa kiti yule mmoja, tuwahesabu na hawa.