Amana Iliyokuwa Ndani ya Kipakatalishi

Sisi tunaowaandikia ni wanawake watatu wa Manyatta, Kisumu: mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina wa kikundi cha akina mama kumi na mmoja. Wengi wetu wazee wetu walitoka pwani kwa reli, kwa biashara au kwa ndoa, nasi tukabaki huku ziwani. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tunasoma darsa, na darsa likiisha tunahesabu fedha, kwani kila mmoja huweka kidogo alichojaaliwa kwa nia ya umra. Fedha zenyewe ziko benki. Lakini hesabu ya nani ameweka nini, pamoja na picha za vitambulisho na pasi za wenzetu, zilikaa kwa miaka minne katika kipakatalishi kimoja cha mtumba.

Programu ya majedwali ya hesabu iliyokuja na kipakatalishi hicho ilikwisha muda wake, ikaanza kudai malipo. Tukaona ni gharama. Binti wa mweka hazina, aliyekuwa kidato cha tatu, akatupatia mtandaoni programu hiyo hiyo bila malipo, iliyokwisha kuvunjwa kufuli. Maagizo yake ya kwanza yalikuwa kwamba tuzime kinga ya kompyuta, la sivyo haitaingia. Tukazima. Sisi ndio tuliomwambia azime. Tunalisema hili wazi kwa sababu baadaye tulilisahau kwa makusudi.

Asubuhi yake kila faili lilikuwa na mkia wa herufi tusizozijua, wala hakuna lililofunguka. Palikuwa na barua moja tu ya Kiingereza iliyosomeka: tulipe dola 980 kwa sarafu ya bitkoini ili tupewe ufunguo, au nusu yake tukilipa ndani ya saa 72.

Mmoja wetu alitaka tulipe. Mwingine akauliza: tulipe kutoka fungu gani, na tutaliandika nini daftarini? Hatukulipa, na kusema kweli si kwa hekima, bali kwa kukosa fedha. Hatukujua wakati ule kwamba upo mradi uitwao No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na wenzao, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi vya namna hii. Tulipoujua tulijaribu, na ufunguo wetu haukuwamo. Tumeambiwa tuyahifadhi mafaili yale, kwa kuwa funguo nyingine hupatikana baada ya muda.

Kosa letu kubwa zaidi lilifuata. Tulikubaliana kunyamaza. Tulitaka kwanza tuzitengeneze hesabu upya kutoka jumbe za simu, ndipo tuwaambie wenzetu. Binti tulimlaumu, akaacha kuja darsani, nasi tukawaambia watu kwamba ana mitihani.

Wiki ya tatu, mwenzetu mmoja anayeuza mitumba Kibuye alikuja Jumamosi akiwa na furaha isiyofichika. Mwanamume alikuwa amempigia simu. Alitoa salamu kamili hadi wabarakatuh, akamtaja kwa majina yake matatu kama yalivyo katika pasi, akasema viza za umra zimefunguliwa na nafasi zimebaki chache, atume shilingi elfu kumi na tano kabla ya Magharibi. Naye akatuma, kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Alikuja kutushukuru sisi, akidhani ndio tuliompangia.

Hatuwezi kuapa kwamba picha ya pasi yake iliibwa siku ile ile mafaili yalipofungwa. Lakini tumejifunza kwamba programu zilizovunjwa mara nyingi hubeba wezi wawili: mmoja anafunga mafaili kwa kelele, na mwingine kabla yake amekwisha kunyakua kimya kimya nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari na nyaraka anazozitaka. Lau tungewaambia wenzetu siku ya kwanza, mama yule angejua kwamba jina lake liko mikononi mwa watu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, na wenyewe nao waambiwe. Saa 72 zile zile alizotupa mwizi. Za mwizi tulizihesabu moja moja. Za wenzetu hatukujua hata kama zipo.

Ajabu ni kwamba mwezi huo darsa letu lilikuwa juu ya Surat al-Hujurat. Aya ya 6, yenye amri ya kuihakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tulikwisha kuisoma na kuifasiri, tukaona inahusu umbea wa mtaani.

Tulikiri mbele ya kikundi, tukamrudishia mama yule fedha zake kutoka mifuko yetu watatu. Ustadhi tuliyemwendea alituongezea jambo ambalo hatukulitarajia: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni mali inayolindwa na sheria ya dini, haifai kuivamia. Kwa hiyo mlango ule tulioufungua haukuwa wetu kuufungua tangu mwanzo. Leo tunatumia LibreOffice, ambayo ni bure kwa idhini ya wenyewe, na inatosha kabisa kwa hesabu za akina mama kumi na mmoja.

Hesabu zilirejea kwa njia ya mkubwa wetu, bibi mwenye asili ya Lamu, aliyekuwa akiandika kila mchango katika daftari lake la shule kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Tulikuwa tukimcheka. Sasa tuna nakala mbili: daftari lake, na diski ya nje inayochomekwa Jumamosi kwa dakika chache kisha inachomolewa, kwani diski iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Picha za pasi tumezifuta. Anayehitaji huja na yake.

Masasisho hatuyaahirishi tena. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoanza kuenea katika nchi zaidi ya 150, Microsoft ilikuwa imeutolea dawa ufa ule tangu Machi, na walioumia wengi ni wale waliokuwa hawajaipakua. Windows 10 nayo iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na vipakatalishi vingi vya mtumba bado vinaitumia. Anayekwenda kununua aulize hilo kabla ya kuuliza bei. Tukitaka huduma ya serikali tunaiandika anwani wenyewe, tukitazama kwamba inaishia na .go.ke, wala hatubofyi kiungo kilicholetwa na ujumbe. Na fedha za safari hazitumwi kwa namba ya mtu, hata atoe salamu nzuri namna gani, mpaka wawili wetu wawe wamefika ofisini kwake.

Binti tulimwendea nyumbani, sisi watatu, tukamwomba radhi mbele ya mama yake. Hakusema kitu siku hiyo. Jumamosi ya tatu baada ya hapo alikuja amechelewa, akaketi karibu na bibi, akauliza diski iko wapi.