Maji Huja Lodwar, Umeme Huenda Kwingine

Mto Turkwel huteremka kutoka Mlima Elgon, ukazuiwa na bwawa mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, kisha hushika njia ya jangwani, ukapita Lodwar na kumalizikia ziwani. Bwawa hilo lafua umeme tangu 1991, kwa uwezo wa megawati 106. Maji yalifuata mto hadi Lodwar. Umeme ulipelekwa kusini, Lessos, ukaingia katika gridi ya taifa. Mji wenyewe ulibaki miaka mingi ukitegemea mitambo ya dizeli.

Hayo tulielezwa na binti wa mfanyabiashara mmoja wa Lodwar, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha umma, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Tulimwuliza kwa nini nyaya zile zisitolewe tawi papo hapo. Akatabasamu. Zina volti 220,000, akasema, na nyumba yataka 240. Kati ya hizo pana kituo cha transfoma chenye gharama kubwa mno kwa mji mdogo. “Si maji ya mtungi, mama zangu, ya kuchota kwa kata.”

Akatufuata hadi Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992, na sokoni wenye jenereta huwauzia majirani umeme kwa waya. Jirani yake, katika makazi ya Kalobeyei, pana mitambo ya jua. Jua latoa mkondo mnyoofu, naye akatuonyesha sanduku linaloubadili kuwa mkondo geu ili friji na cherehani zifanye kazi. Alipitisha kidole juu ya paneli, kikatoka na vumbi. Vumbi hilo, alisema, hula umeme kimyakimya, wala hakuna aliyelitaja katika mitihani yake.

Shahada hiyo ni ya miaka mitano. Katika mfumo wa 8-4-4 mwombaji huhitaji angalau C+ katika hisabati, fizikia na kemia, na hapo ndipo mabinti wengi hupotelea: fizikia huachwa Kidato cha Tatu, mara nyingi kwa ushauri wa nyumbani, kabla mtoto hajajua amefungiwa mlango gani. Sisi wa pwani hatuna udhuru wa umbali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kinachofundisha uhandisi huo, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1951.

Baba yake hakuridhika upesi. Aliona nguzo na nyaya ni kazi ya wanaume. Mama ndiye aliyeshikilia, kwa masharti mawili: akae bweni la wasichana, na sala isipotee maabara. Kofia ngumu huvaliwa juu ya mtandio, na mambo huendelea, alhamdulillahi. Karo ndiyo ngumu zaidi. Muhula uliopita mama aliuza bangili zake mbili.

Mdogo wake wa kike achagua masomo muhula huu. Fomu ilikuwa juu ya kabati tulipoaga, na mstari wa fizikia bado haujatiwa alama. Baba alikuwa ameomba siku mbili za kufikiri.