Mafia kwanza, Kilwa baadaye: usije ukakwama kama sisi!

Kama wewe ni wa wale ambao likizo ikifika wanaiishia baa ya mtaa wa pili, wiki hii safu hii si yako. Au tuseme ni yako hasa.

Mwaka 2019 mimi na mshikaji wangu mmoja wa Temeke tulichanga hela miezi minane, tukaazima kigari cha mjomba wangu, tukaondoka Dar mwezi wa Julai. Mpango aliupanga yeye kwa kalamu nyekundu. Kilwa moja kwa moja, magofu siku mbili, turudi nyuma mpaka Nyamisati, tuache gari, tuvuke kwenda Mafia kumalizia raha. Jumapili tuko Dar, Jumatatu yuko kazini. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. Kasheshe ni kwamba bahari haikuisoma ile karatasi.

Julai ni msimu wa kusi, bwana. Siku ya kurudi tuko gatini Kilindoni na mabegi yetu, nahodha akayatazama maji, akavuta sigara mpaka ikaisha, akasema leo hatoki mtu. Kesho yake vilevile. Mshikaji akawa anapiga simu ofisini huku anajikoholesha, na nyuma yake majogoo wanawika na watu wanapakua magunia ya nazi. Aliporudi Dar akakuta barua ya onyo mezani. Tangu hapo tukikaa watu wengi huwa anacheka, tukibaki wawili hacheki.

Sasa mshikaji kaoa. Na shemeji kasema Januari hii wanakwenda wote, mimi nikiwemo kwa sababu njia naijua, ila mpango apange yeye. "Shemeji, huyu mume wangu kwenye tarehe simwamini." Na ukweli ni kwamba safari hii hakuna barua nyingine ya onyo. Akichelewa tena, kazi hana. Wana kodi ya nyumba na mtoto yuko njiani.

Basi Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni kwao na daftari. Jambo la kwanza nililomwambia shemeji ni hili: chombo cha baharini hakiwekwi mwishoni mwa likizo. Barabarani ukipoteza siku, kesho unaondoka alfajiri unaifidia. Baharini ukipoteza siku, imepotea, hata ungekuwa na hela vipi. Kwa hiyo maji marefu tunayamaliza mwanzo, halafu tunabaki na lami.

Januari tumeichagua makusudi. Ni kaskazi, masika bado, na kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi ndio wakati wa kumwona papa potwe pale Mafia. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini usiogope, chakula chake ni vijidudu vidogo vya majini, miguu yako haina thamani kwake. Tazama pia kalenda ya Ramadhani. Pwani ya kusini mchana wa Ramadhani utatafuta sahani ya wali mpaka uchoke.

Siku ya kwanza tunatoka Dar baada ya chai, sio saa kumi ya usiku kama wachuuzi. Mkuranga, kisha Bungu, hapo unakunja kushoto unashuka hadi Nyamisati. Hazifiki kilomita 200. Shemeji akauliza, mbona tusivuke siku hiyohiyo? Hapana. Kule ni mikokoni, maji yanajaa na kukupwa, na saa ya chombo ya jana si lazima iwe ya leo. Unafika jioni, unauliza gatini, unalala, gari unaliacha mahali pa kueleweka.

Mafia tumeipa siku tatu kamili. Moja ya potwe. Moja ya Utende na kisiwa cha Chole, ambako unavuka kwa kitambo kidogo tu na unakuta magofu ya enzi za Wajerumani yaliyoshikwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kuna kiingilio, beba kitambulisho ulipe bei ya Mtanzania. Siku ya tatu haina kazi yoyote. Hiyo ni ya upepo. Usipovuma, tunalala ufukweni tunakula madafu.

Tukirudi bara, mchana mmoja wa barabara. Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa 2003. Wazazi wetu pale walikuwa wanasubiri pantoni la Ndundu, na mvua zikizidi wanalala hapohapo. Mohoro tutachepuka kidogo, ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Agosti 1905. Somanga tunakula samaki. Hapo Somanga ndipo mvua za wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, zilipoikata barabara na magari yakasimama, kwa hiyo anayetaka kwenda masika ajipange. Nangurukuru kushoto, jioni tuko Kilwa Masoko.

Kilwa ndio roho yangu, nikiri. Kibali unachukua Masoko kabla ya kuvuka. Kisiwani kwenyewe ni karibu sana, unakiona toka gatini. Msikiti Mkuu, Gereza, na Husuni Kubwa ambako sultani alikuwa na bwawa lake la kuogea kabla hata Mreno hajaijua njia ya huku. Ibn Battuta alipita hapa 1331 akausifu mji. Walikuwa wanapiga sarafu zao wenyewe! Songo Mnara ni mbali zaidi, kama una siku ya ziada nenda, ila muulize nahodha habari za maji. Sisi 2019 tulifika yamekupwa, tukatembea kwenye tope la mikoko viatu mkononi, na kiatu kimoja cha mshikaji kiko hukohuko mpaka leo. Yakijaa, mashua inasogea mpaka karibu.

Asubuhi ya kuondoka tunapita Kilwa Kivinje, nyumba za zamani zinazobomoka na kahawa ya barazani, halafu Dar, jua likiwa bado juu.

Hesabu ya shemeji imefika siku tisa. Likizo ni kumi. Mshikaji akaliangalia daftari, akauliza, sasa siku ya kumi tunakwenda wapi?

"Unafua nguo," shemeji akamjibu, "na kesho yake saa moja na nusu asubuhi uko ofisini."