Yuda Alirudisha Pesa

Wasee wangu, leo sina kichekesho. Wale mmezoea zile klipu za konda na abiria mtanivumilia, juu kuna kitu nimekitafuna wiki tatu sasa na kimekataa kumezeka.

Yuda alikiri. Hii sehemu huwa tunairuka mbio kila Pasaka. Tunajua busu, tunajua vipande 30 vya fedha, tunajua alivyokufa. Lakini soma Mathayo 27 polepole. Jamaa alijuta, akabeba pesa yote akawarudishia makuhani, akasema wazi kwamba amekosa. Hakubaki na hata kipande kimoja. Sasa mweke kando ya Petro, ambaye usiku uleule alikana mara tatu kwamba hamjui Yesu, tena akianzia kwa kijakazi tu, halafu akatoka nje akalia. Ukiniuliza nani kati yao alifanya toba ya kuonekana, nitakuambia Yuda. Sasa mbona Petro ndiye alisimama kuhubiri siku ya Pentekoste, na Yuda hata wiki hakumaliza?

Wacha niwaambie kwa nini hili swali linaninyima usingizi.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na kila siku mnaniuliza kama ni juu ya video. Hapana. Ilikuwa karo. Mathe aliuza ng'ombe akatuma Ksh 52,000 kwa simu ya bro yangu mkubwa, kwa sababu yangu ilikuwa imeibwa wiki hiyo. Bro alikuwa alipe benki asubuhi. Usiku akacheza kandege, ule mchezo wa simu ambao ndege inapaa na wewe unaamua utatoa pesa saa ngapi kabla haijapotea. Alianza na mia mbili. Kufika saa kumi alfajiri hakukuwa na karo, hakukuwa na ng'ombe, na bro mwenyewe hakuwa nyumbani.

Na si ati alikuwa msee wa kona. Bro ndiye alikuwa akipiga kinanda kanisani. Aliokoka akiwa kidato cha pili, na si kwa kuigiza. Hapo ndipo ushuhuda wetu wa kawaida unagonga mwamba. Sisi tunapenda ule wa kunyooka: nilikuwa mlevi, nikaokoka, sasa niko sawa, makofi kwa Yesu. Hakuna mtu hupewa maikrofoni aseme: niliokoka, halafu nikala karo ya ndugu yangu.

Kabla apotee, alimwandikia kiongozi mmoja wa vijana akamweleza kila kitu. Kufikia jioni skrinishoti ilikuwa imezunguka, na bro akatolewa kwenye grupu bila hata neno. Miezi saba hatukujua yuko wapi. Mathe alikuwa akisikia kwa redio kuna mwili umepatikana mahali, anakaa chini.

Sasa rudi kwa Yuda. Toba yake aliipeleka wapi? Kwa watu walewale waliomnunua. Na wao, kwa lugha yetu ya mtaa, wakamwambia shauri yako. Fikiria mtu amebeba dhambi yake mkononi, anatafuta pa kuiweka, na mlango anaobisha hauna huruma ndani. Mimi naona hapo ndipo walipoachana yeye na Petro. Petro aliumia pia, lakini alibaki na wenzake. Yohana 21 wako saba kwenye mashua, na yeye yumo.

Kuna kitu kingine kwa hiyo sura. Moto wa makaa unatajwa mara mbili kwa Yohana. Wa kwanza ni ule wa uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota baridi na kukana. Wa pili uko ufuoni, na ni Yesu anachoma samaki. Kama umekulia nyumba ya jiko la makaa unajua ile harufu venye inashika nguo. Petro anatoka majini ameloa, na pua inamrudisha palepale alipoanguka kabla hata hajasalimiwa. Yesu hakuficha moto. Pia hakuanza na kesi. Alimpa chakula kwanza, halafu ndio akamuuliza kama anampenda, mara tatu, na kila jibu likaja na kazi ya kulisha kondoo. Hakumwambia akae benchi mwaka mmoja waone kama amebadilika. Enyewe kwa Luka 22, kabla jogoo awike, alikuwa ameshamwambia amemwombea, na akirudi awatie nguvu wenzake. Kurudi kwake kulikuwa kwa mpango hata kabla aanguke.

Bro alipatikana Nakuru kwa kibanda cha kuosha magari. Mathe alienda mwenyewe kumchukua. Hakutaja ng'ombe. Alipika chapati, na wewe unajua chapati kwetu si chakula cha Jumanne. Bro alishindwa kumaliza ya kwanza. Kesho yake mathe akampa elfu tatu aende sokoni kununua chakula cha kuku. Elfu tatu! Mimi nilitoka nje nisitusi mtu. Alirudi na gunia, risiti, na chenji yote hadi ile ya shilingi kumi.

Shosho, mama yake mathe, alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda ukafika Kenya miaka ya 1930. Kwenye ushirika wao ulisimama ukasema dhambi ya wiki hii, si ile ya zamani iliyokauka, na wenzako wakakuimbia Tukutendereza. Halafu ulitoka hapo ukarudisha jembe la wenyewe. Nadhani mathe alilelewa na hiyo akili.

Siku hizi bro anaendesha boda ya mtu. Simu ni mulika mwizi, bila intaneti, na ni yeye aliamua. Kila Jumamosi ananitumia Ksh 500. Nimepiga hesabu, ni wiki 104. Kuna rafiki aliniuliza kama nimemsamehe mbona napokea. Mwangalie Zakayo: aliahidi kulipa mara nne, lakini Yesu alikuwa ameshajialika kwake kitambo. Bro halipi ndio apewe chapati. Chapati alishakula.

Na mimi, nimemsamehe? Jumamosi nyingi, ndiyo. Halafu wenzangu wanaposti picha za mahafali, na ninaanza tena kutoka mwanzo. Huwa naomba hivyo hivyo, na hasira ikiwa bado kwa koo, juu sijui kuomba kwingine.

Kanisani hajarudi. Anasema kinanda kina mtu sasa, na wale wa skrinishoti bado wanakaa viti vya mbele. Sina jibu la viti vya mbele. Lakini wiki hii 500 yake iliingia Ijumaa, na ujumbe mfupi nyuma yake: ibada ya kwanza ni saa tatu ama saa nne?

Nimemjibu saa tatu. Nitakuwa kwa lango saa mbili na nusu.