Gobore la kwenye boksi

Jamani, kitanda cha kwenye boksi nakijua. Unanunua, unafika nacho nyumbani, unafunga skrubu huku unatukana kimoyomoyo. Lakini bunduki ya kwenye boksi sikuwahi kuiona mpaka Februari, nilipokwenda kumtembelea dada yangu Lancaster, Pennsylvania.

Jirani yake ni mzee mstaafu, zamani alikuwa fundi mitambo. Aliposikia mimi ni mwandishi wa habari akanikaribisha gerejini kwake. Gari halimo! Kuna mashine ya kukereza chuma, jiliwa, tupa za kila saizi, na mezani kipande kirefu cha mti wa maple chenye mistari kama pundamilia. Pembeni yake boksi: mtutu, mtambo wa gumegume, vipande vya shaba. Nikajisemea, si gobore hili!

Ni gobore kweli, ila lina ukoo. Mafundi wenye asili ya Kijerumani walizitengeneza bunduki hizi ndefu hapo hapo Lancaster katika karne ya 18, na leo wapo wanaonunua vipande na kuzirudia kwa mikono yao. Mzee alikuwa na hiyo moja tangu mwezi wa tisa. Anapaka chuma masizi ya mshumaa, anakikandamiza kwenye mti, anatazama masizi yameshika wapi, halafu anachonga hapo tu kwa patasi. Nilimtazama saa nzima. Unga wa mbao aliotoa haukujaza kijiko cha chai.

Nikamuuliza kibali kiko wapi. Akacheka. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968, gobore la baruti kama lile linahesabiwa kuwa kitu cha kale, si silaha ya kawaida. Hata bunduki ya kisasa, sheria hiyo haimdai leseni mtu anayejitengenezea mwenyewe bila kufanya biashara (majimbo mengine yana sheria zake kali zaidi).

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Zikaja boksi za bastola, zisizo na namba wala kumchunguza mnunuzi. Mwaka 2017 polisi waliomba serikali kuu ifuatilie silaha za namna hiyo zipatazo 1,600. Mwaka 2021 zilizidi 19,000. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni kwamba boksi inayogeuka bastola kwa urahisi ihesabiwe bastola, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali kanuni hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2. Katika hukumu imeandikwa kwamba mtu ambaye hakuwahi kuiona boksi mojawapo alimaliza kuiunga kwa dakika 21.

"Dakika 21 si ufundi," mzee akasema, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

Nilinyamaza, maana nilikuwa namfikiria mjomba wangu.

Mjomba ni mhunzi, Sikonge, mkoa wa Tabora. Majembe, visu, mashoka, na usiku, magobore. Warina asali walimfuata, wenye mashamba ya mahindi walimfuata kwa sababu ya ngiri. Naye hakuwa na haraka. Kitako alikisugua kwa msasa mpaka king'ae, kisha akazungushia nakshi ndogo ya vipembetatu. Nikiwa mtoto nilikuwa namshikia taa. Nilijivuna sana.

Moja ya zile alizouza ilimuua kijana katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Haikuwa na namba, na muuaji alikuwa ameitupa kichakani. Lakini nani asiyevijua vile vipembetatu? Walikuja kwa mjomba siku ya tatu. Alifungwa miaka kadhaa. Sisemi alionewa. Mama wa yule kijana bado anaishi kule, na tukipita kwake tunamwamkia na anaitikia, basi.

Nilimsimulia mzee yote haya. Aliweka tupa chini. Hakuniambia pole, na nilishukuru. Akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kuniuliza: ile nakshi ilikuwaje? Nikamchorea kwenye kipande cha boksi. Akakitazama muda mrefu, akasema huyo bwana ana mkono. Halafu akanionyesha sehemu ya juu ya mtutu wake, mahali atakapochora jina lake, kama walivyofanya wengi wa mafundi wa zamani wa Lancaster.

Nilipiga picha ya lile gobore, na mzee amesimama nyuma yake na aproni yake, anatabasamu.

Mjomba siku hizi anatengeneza baiskeli. Fuawe amempa mtu. Kila nikimpigia simu ananiuliza, eti mwanangu, huko Marekani uliona nini? Namwambia niliona theluji.