Kompyuta ya Kukodi na Mbu wa Ziwa Mweru

Kabuta, kando ya Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia, malaria haingoji masika. Ipo mwaka mzima, na mbu aienezaye zaidi ni Anopheles funestus. Tangu miaka ya 2010 watafiti wamekusanya wilayani humo damu na mbu. Kuvisoma vinasaba vyake huzaa takwimu zinazozidi nguvu za kompyuta moja ya mezani.

Hapo ndipo kompyuta pepe hufaa. Mchambuzi hukodi kwa intaneti sehemu ya mashine kubwa iliyo mbali, akachagua ukubwa wa kumbukumbu, akaweka programu, kazi ikaanza. Lakini malipo huhesabiwa hata yeye akilala. Akiisahau Ijumaa jioni, Jumatatu hukuta deni. Mwenye busara huizima kazi iishapo, huweka nakala mahali pengine, na funguo zake hampi mtu, kwani humo mna siri za wagonjwa.

Askari anaijua kanuni hiyo: silaha uliyokabidhiwa haiachwi ovyo. Nyuma ya kila tarakimu yupo mtu aliyetoa damu yake, na fedha iliyopotea bure ingenunua vyandarua.